Madonge ya Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kiberiti alifagia banda la farasi. Hakuna aliyemtuma. Jina hilo alipewa na babu yake, kwa sababu alikuwa msichana mdogo, mwembamba, na ukimkwaruza kidogo tu, anawaka.

Banda lilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na mbao. Chumba cha kwanza alikaa Kijana, farasi dume aliyevuta mkokoteni wa Mjomba. Kijana alikula chochote alichowekewa, na asipowekewa alikula kamba ya kumfungia. Chumba cha pili alikaa Mama Mkwe.

Usishtuke. Mama Mkwe alikuwa farasi jike. Zamani, Babu alipomleta nyumbani kwa mara ya kwanza, alimwekea nyasi nzuri kabisa. Farasi akazinusa, akageuza uso pembeni kama mgeni aliyeletewa chai iliyopoa. Babu akasema, "Haya, mama mkwe ameshafika. Tafuteni kikombe kizuri." Jina likaganda hapo hapo.

Wakati huo alikuwa mnene, anang'aa, na akivuta mkokoteni watu walipisha njia. Sasa alikuwa mzee. Mgongo ulibonyea katikati kama kitanda cha kamba zilizolegea. Mbavu zilijitokeza. Manyoya yake yalikuwa marefu na yamesokotana hata wakati wa joto, wakati farasi wengine wote wamepukutisha ya kwao. Nyasi nzuri alizichagua moja moja, kana kwamba anatafuta nywele kwenye chakula.

Asubuhi hiyo Kiberiti alifagia kama kawaida. Kwanza alichota nyasi zilizobaki kwenye hori la Mama Mkwe, akazitupa upande wa pili kwa Kijana, ambaye hakuuliza zimetoka wapi. Kisha akainama chini ya hori. Pale sakafuni palikuwa na madonge ya nyasi, yamelowa mate, makubwa kama ngumi ya mtoto. Kila siku yalikuwepo. Mama Mkwe alikuwa anaingiza nyasi mdomoni, anazizungusha, anazizungusha, halafu anazidondosha.

Kiberiti aliyakusanya yote, akayaweka chini kabisa kwenye toroli, akayafunika kwa samadi. Alifanya hivyo tangu siku aliyomsikia Mjomba akisema, "Siku nitakayomkuta huyu bibi anamwaga chakula ninachohangaika kukitafuta, hiyo ndiyo siku yake ya mwisho hapa." Kiberiti akajiapiza moyoni kwamba siku hiyo haitafika. Na kweli haikufika. Ufagio ulihakikisha.

"Amekula?" Mjomba aliuliza akija kumfunga Kijana kwenye mkokoteni.

"Amekula."

"Yote?"

"Si uangalie mwenyewe."

Mjomba akachungulia. Hori tupu, sakafu safi. Akatikisa kichwa, akaondoka.

*

Mchana, njiani kutoka shule, Kiberiti alifuatana na Redio. Redio alikuwa mvulana wa darasa lao ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia.

"Jana nimempitia farasi wenu," Redio alisema. "Nikadhani mmeanika turubai kwenye miti."

"Afadhali yeye. Wewe ukihesabu vidole vyako mwenyewe unapotea njiani."

"Haya, tukana tu. Lakini mnunuzi wa ngozi naye amempitia. Nimemsikia akiongea na mjomba wako pale kwa fundi wa magurudumu. Anakuja Jumamosi na gari."

Kiberiti alisimama. "Rudia."

"Jumamosi. Na gari. Kwani hujaambiwa?"

Kiberiti alishaanza kukimbia, begi likimpiga mgongoni.

Alimkuta Babu amekaa kizingitini anashona hatamu iliyokatika. Mgongo wa Babu uliumia mwaka uliopita, na tangu hapo hakupanda tena mkokoteni wala kuinama bandani. Mjomba alikuwa anamwagia Kijana maji.

"Mjomba! Unamuuza Mama Mkwe?"

Mjomba aliweka ndoo chini. "Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Unamuuza?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Haendi."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe kama nani hapa?"

"Kama anayefagia!"

Babu alicheka hadi sindano ikamchoma kidole. Mjomba hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

"Nisikilize, mama," alisema. "Mimi simchukii. Nimekua nikimwona. Lakini wewe mwenyewe ndiye unayeniambia kila siku kwamba anamaliza chakula. Anamaliza, halafu anakonda. Kesho anamaliza tena, anakonda tena. Farasi wa hivyo ameshakwisha kwa ndani. Kumweka ni kumtesa. Angekuwa hali, ningesema tumtafutie kingine. Sasa huyu anakula!"

Kiberiti alifungua mdomo, akaufunga. Akaona njia ya kukwepa habari ya madonge. "Daktari hajamwona," alisema. "Humuuzi kabla daktari hajamwona."

"Daktari huyu huyu mwenye foleni ndefu kuliko ya mkate?"

"Atakuja."

"Mwache amlete," Babu alisema huku akinyonya kidole. "Mimi na huyo farasi tumezeeka pamoja. Nikisikia mzee mmoja anauzwa, mimi mzee mwingine silali vizuri."

*

Daktari wa mifugo alikuwa mama mmoja mwenye mabuti yaliyojaa matope hadi magotini na penseli aliyoichomeka kwenye nywele akaisahau. Kiberiti alimkuta anafunga ofisi. Akasimama katikati ya mlango.

"Tumefunga, mwanangu. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa ngozi."

"Nani?"

"Mama Mkwe."

Daktari alimtazama vizuri kama ana homa. Alipoelezwa, alicheka, kisha akasema Ijumaa yote ana ng'ombe wa kuzalisha na Jumamosi ana kuku wa kuchanja. Kiberiti hakusogea mlangoni. Daktari alijaribu kupita kushoto, Kiberiti yuko kushoto. Akaenda kulia, yuko kulia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mtu atakayenipiga nikichelewa kurudi. Kwa hiyo tusikae sana."

"Jumamosi asubuhi," daktari alisema, "nikielekea kwa kuku. Sasa nipishe kabla sijakuchanja wewe."

*

Jumamosi asubuhi magari mawili yalifika karibu kwa pamoja. La kwanza lilikuwa la daktari. La pili lilikuwa la mnunuzi wa ngozi, ambaye alibaki ndani ya gari, akashusha kioo na kuanza kula machungwa.

Daktari alimpapasa Mama Mkwe mbavu, akamsikiliza tumbo, akaligusa lile joho la manyoya, akainua mguu mmoja mmoja na kuweka kiganja kwenye kwato. Alitaka kumtazama kinywani, Mama Mkwe akainua kichwa juu kama twiga. Daktari aliyaona meno ya mbele tu. Yalikuwa marefu na ya njano, lakini mazima.

"Anakulaje?" daktari aliuliza.

"Anamaliza," alisema Mjomba. "Muulize mlishaji wake."

Daktari akageuka. "Anamaliza? Hadondoshi? Habakishi?"

Kiberiti alimtazama Mjomba. Akaitazama kamba mkononi mwake. "Anamaliza," alisema.

Daktari alishusha pumzi. Alivua kofia, na hapo kila mtu alijua neno zuri haliji.

"Ungeniambia anashindwa kutafuna, ningesema magego, na magego nayaweza. Ungeniambia anasusa, ningesema tubadilishe chakula. Lakini farasi anayemaliza kila kitu na bado yuko hivi, chakula kinapita tu. Tatizo liko ndani, mahali mkono wangu haufiki. Pole, Babu. Mjomba mtu hajakosea."

Babu alitazama pembeni na kujifanya anakohoa. Mjomba akaingia bandani na kamba. Kule nje mnunuzi wa ngozi akafuta mikono yake.

"Hatoki!" Kiberiti alijitanda mlangoni, mikono huku na huku. Nyuma yake Mama Mkwe naye akakaza miguu minne, masikio nyuma. Wakawa wakaidi wawili, mmoja mwembamba kuliko mwingine.

"Sogea, Kiberiti."

"Sisogei!"

"Ukaidi wako hautamnenepesha," daktari alisema kwa upole. "Nimemhukumu kwa niliyoyaona na niliyoambiwa. Ningekuwa na jambo jingine la kushika, ningelishika."

Hapo ndipo lilipomwingia. Hakuwa ameficha hali ya Mama Mkwe kwa Mjomba tu. Alikuwa ameificha hata kwa mtu pekee aliyekuja kumsaidia.

Kiberiti alitoka mlangoni mbio. Mjomba alidhani amekubali. Hakujua. Alirudi anasukuma toroli la asubuhi ile, gurudumu linalia, na bila kumwambia mtu apishe, alilipindua lote mbele ya daktari. Samadi ikamfunika Mjomba viatu.

"Wewe mtoto una wazimu?"

Kiberiti alishapiga magoti, anafukua kwa mikono. Akatoa donge la kwanza. La pili. Akaendelea kuyapanga kwenye buti la daktari.

"Haya! Hamalizi! Hajawahi kumaliza! Anatafuna, anatema. Mengine anabakisha, mimi nampa Kijana. Ndiyo maana Kijana yuko kama pipa!"

Kijana aliposikia jina lake alitoa kichwa, labda kuna chakula.

"Ulikuwa unanidanganya," Mjomba alisema polepole.

"Nilikuwa nakudanganya. Kila siku. Ulisema akimwaga chakula utamwondoa!"

"Na hapa nilikuwa nafanya nini?" Mjomba aliinua kamba. "Si ndiyo namwondoa? Tena kwa sababu ya uongo wako!"

Machozi yalimtoka Kiberiti, lakini hakuinamisha uso hata kidogo.

Daktari alikuwa ameshachuchumaa. Alilipasua donge moja kwa vidole. Ndani nyasi zilikuwa ndefu, zimepondwa tu, hazijasagwa. Akalinusa. "Leteni maji," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Na Mjomba, hiyo kamba nayo ilete. Ina kazi nyingine."

Alitoa garini chuma cha kufungulia kinywa, tochi, na tupa ndefu ya kusugulia meno. Alimchoma Mama Mkwe sindano ya kumtuliza, wakamshika. Chuma kilipofunguka, daktari aliingiza tochi, akapiga mluzi.

"Njoo uone, mlishaji."

Kiberiti aliona. Magego ya nyuma yalikuwa na ncha kali kama vipande vya chupa. Shavu kwa ndani lilikuwa na vidonda. Na gego moja lilicheza lilipoguswa.

"Na sisi tulikuwa tunasema anadeka," Babu alisema. "Mimi nikiumwa jino moja sitaki hata kusalimiwa."

Mnunuzi wa ngozi alipiga honi. Mjomba akatoka na viatu vyake vya samadi. "Leo hakuna," alisema.

"Basi nitapita mwezi ujao."

"Ukipita, pita na salamu tu!" Babu alipaza sauti kutoka ndani.

Daktari aling'oa gego bovu, akazisugua zile ncha hadi zikawa laini. Kisha akamgeukia Kiberiti. "Sasa niambie. Mbali na nyasi, unampa nini?"

Safari hii Kiberiti hakumtazama Mjomba kwanza. "Miwa. Na mkate. Na biskuti za Redio."

"Redio anajua?"

"Bado."

"Atajua. Na Mama Mkwe haonji tena sukari. Haya manyoya yasiyopukutika ni ugonjwa wa uzee. Nitampa dawa, lakini farasi mwenye ugonjwa huu ukimpa vitu vitamu, kwato zinawaka moto kwa ndani, na hapo hata mimi nanyoosha mikono. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Majani laini yaliyokatwakatwa. Pumba kidogo zilizolowekwa mpaka ziwe kama uji mzito, usimpe kavu, zitamkaba. Kijiko cha mafuta ya kupikia. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku."

Mjomba alikunja mikono. "Nampa mwezi. Na mimi nitaambiwa kila kitu, hata kama ni kibaya."

*

Ungedhani mambo yalikwisha hapo. Humjui Mama Mkwe.

Kinywa kilipona, lakini tabia haina daktari. Kiberiti alimletea uji wa pumba kwenye ndoo. Mama Mkwe aliunusa, akamtazama, akaipiga ndoo kwato moja. Uji ukaruka hadi kwenye dari.

"Unajiona nani?" Kiberiti alimfokea. "Watu wanakulowekea, wanakukatia, wewe unapiga teke!"

Mama Mkwe akageuza uso ukutani.

Alimletea wenye mafuta, akakunja mdomo. Usio na mafuta, akaupulizia. Wa vuguvugu, akaingiza pua, kisha akajifuta kwenye sare ya shule. Kila jioni Mjomba aliuliza, na kila jioni Kiberiti alisimama wima akatoa taarifa.

"Amekula?"

"Robo."

"Na iliyobaki?"

"Hii hapa. Nimeivaa."

Ilikuwa vigumu kuliko kufagia. Neno "robo" lilimwuma kila alipolitamka, na lilimfanya Mjomba akune kidevu. Lakini kwa kuwa Mjomba alijua, alianza naye kuleta majani mbalimbali aliyoyakuta njiani: haya je, anayapenda? Na kwa kuwa Babu alijua, jioni moja alijikongoja hadi bandani na kiti chake, akatazama vita vile, akaanza kucheka.

"Mke wangu," alimwambia mjukuu wake, maana ndivyo alivyomtania, "unamlisha huku umemsimamia kama askari?"

"Nikiondoka hali. Nikibaki hali. Nifanye nini?"

"Huyu hajawahi kula peke yake maisha yake yote. Tulikuwa tukifika nusu ya safari, tunasimama. Namvalisha mfuko wake wa chakula, mimi nafungua wangu. Nisipoanza kula, haanzi. Mimi nilidhani ni adabu. Tangu mgongo wangu ulipokufa, nani amekula naye?"

Kiberiti alimtazama farasi. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani yake ya chakula cha jioni, akapindua ndoo tupu, akakaa juu yake mbele ya Mama Mkwe. Akatia tonge mdomoni. Akatafuna polepole, bila kumtazama, kama mtu asiye na haja na mgeni.

Mama Mkwe alisogeza sikio moja. Halafu la pili. Kisha akashusha kichwa kwenye uji wake, na bandani pakasikika mlio ambao hawajausikia kwa muda mrefu: mlio wa kutafuna na kumeza.

"Usimtazame," Babu alinong'ona. "Utamtia haya."

Kuanzia siku hiyo familia ilihamia bandani wakati wa chakula. Babu na kiti chake, Kiberiti na ndoo yake. Mjomba alikataa, alisema yeye ni mtu mzima na hali chakula kwenye harufu ya samadi. Alikula peke yake ndani mara chache, akaona sahani inamtazama tu. Naye akaja.

*

Mwezi ulipokwisha daktari alirudi. Manyoya ya Mama Mkwe yalikuwa yamenyolewa kwa mkasi, vibaya, kama kazi ya fundi mlevi, lakini ngozi chini yake iling'aa. Mbavu ulizipata kwa kupapasa, si kwa kutazama. Kwato zilikuwa baridi. Daktari alipotaka kuzipapasa tena, Mama Mkwe alijaribu kumng'ata begani.

"Amepona," daktari alisema kwa furaha.

Mjomba alisafisha koo. "Nilikuwa karibu kumtoa, daktari. Ningemtoa na moyo mweupe kabisa."

"Ningekusaidia kumpakia," daktari alijibu. Akamwita Kiberiti, akamwekea mkono begani. "Sikiliza, mwanangu. Wagonjwa wangu wote hawasemi. Ng'ombe hasemi, kuku hasemi, huyu anang'ata tu. Mdomo wao ni yule anayewalisha. Ukificha jambo kwa kumpenda, umemziba mdomo, na mimi nitamtibu farasi mwingine ambaye hayupo. Siku ile uligombana na watu wazima ili asiondoke, na ulikuwa na haki ya kugombana. Lakini ugomvi wako haukumwokoa. Kilichomwokoa ni toroli. Endelea kuwa mkaidi, sikukatazi. Ila uwe mkaidi wa kusema ukweli, hata unapokuaibisha."

"Ndiyo, daktari."

"Vizuri sana," alisema Mjomba. "Tena tuanzie hapa hapa. Zile hesabu mwalimu alizokupa za leo, umezimaliza?"

Kiberiti alifungua mdomo. Jibu la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tayari, limevaa viatu. Aliwatazama wote: Babu, Mjomba, daktari, hata Mama Mkwe aliyesimamisha masikio. Akainua kidevu juu.

"Sijamaliza," alisema. "Hata sijazianza. Na sizipendi."

Mjomba akasogeza ndoo, akaipindua, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kazilete," alisema. "Kaa hapa. Tutazifanya pamoja."